Mkono wa Tabibu: Kabla na Baada

Kiswahili kimeipa mikono kitenzi chake. Vyombo huoshwa, nguo hufuliwa, mwili huogeshwa. Lakini mikono, kama uso, mtu hunawa. Tena desturi ya pwani humnawisha mgeni mara mbili: kabla ya kutia mkono kwenye sinia, na baada ya kula. Kunawa kwa kwanza ni kwa ajili ya wenziwe; kwa pili ni kwa ajili yake mwenyewe. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kiini cha historia ya mikono hospitalini.

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, tabibu Ignaz Semmelweis aliona kwamba wodi ya wazazi iliyohudumiwa na madaktari ilipoteza wanawake wengi kuliko ile ya wakunga. Madaktari walitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Vifo, vilivyokuwa kama 18 katika kila wazazi 100 mwezi wa Aprili, vilishuka hadi chini ya 3 mwezi wa Juni. Hata hivyo wengi wa wenzake walimkataa, naye akafa mwaka 1865 bila kusadikiwa. Ilikuwa vigumu kwa tabibu kukubali kwamba mkono uletao shifaa ndio uliobeba mauti.

Kwetu, maradhi ya mlipuko yamepita njia nyingi. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka na misafara kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani, kikavuka bahari hadi Unguja. Tabibu James Christie, aliyeishi Unguja wakati huo, aliieleza safari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Korona ilikuja kwa ndege. Tarehe 15 Machi 2020 msafiri kutoka Ubelgiji alishuka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, akapokelewa katika Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, Arusha. Kesho yake Waziri Ummy Mwalimu alitangaza kuwa huyo ndiye mgonjwa wa kwanza nchini.

Juu ya barabara hiyo ya kutoka uwanjani kwenda Arusha, kwenye miteremko ya Meru yenye migomba na mibuni, ipo Nkoaranga, ambako wamisionari wa Leipzig walifungua kituo mwaka 1902, na ambako leo pana hospitali ya Kilutheri. Siku zile ndoo zenye koki na sabuni zilisimama milangoni pa maduka, misikiti, makanisa na zahanati kote nchini. Mwanzoni mwa Mei hesabu ya taifa ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, isitangazwe tena hadi mwaka 2021. Muuguzi alifanya kazi bila tarakimu. Kilichobaki mkononi mwake ni maji, sabuni na kitakasa mikono.

Tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limefundisha nyakati tano za mtoa huduma kusafisha mikono: mbili ni kabla, tatu ni baada. Kwa kitakasa ni sekunde 20 hadi 30, kwa maji na sabuni 40 hadi 60. Walioangalia wahudumu kazini katika nchi nyingi wamekuta jambo lile lile: husafisha baada ya kumgusa mgonjwa kuliko kabla. Si ubaya wa moyo. Wagonjwa ni wengi, maji yako mbali na kitanda, na hofu humfundisha mtu kujikinga yeye kwanza. Lakini mwalimu huyo hufundisha nusu ya somo, na akiondoka huondoka nalo.

Karibu na hospitali ya Nkoaranga ipo nyumba ya kulelea watoto wadogo mayatima. Anayewatazama hawezi kusahau kwamba somo la Semmelweis lilianzia kitandani pa mzazi. Mtoto mchanga hawezi kumwambia mkunga anyooshe viganja avione. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha, na siku hiyo hiyo, kama kila mwaka, ilikuwa Siku ya Usafi wa Mikono. Hofu ikaruhusiwa kwenda zake. Kunawa kwa kabla, ambako hakukutegemea hofu tangu mwanzo, kumebaki kuwa amana ya mwenye mkono.