Kijiti kilichopima Dunia

Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Eratosthenes, mkuu wa maktaba maarufu ya Alexandria nchini Misri, alipima mzingo wa Dunia bila kuizunguka.

Alijua kwamba huko Syene, mji unaoitwa Aswan leo, jua la adhuhuri katika siku ndefu kuliko zote za mwaka lilimulika hadi chini ya kisima. Saa hiyohiyo Alexandria, kijiti kilichosimama wima kilitupa kivuli. Pembe kati ya kijiti na mwale wa jua ilikuwa sehemu 1 kati ya 50 za duara, yaani nyuzi 7.2.

Hapo jiometri ikafanya kazi. Miale ya jua ni mistari sambamba. Mstari unaoikata, kama ule wa kijiti ukiendelezwa hadi kitovu cha Dunia, hufanya pembe mbadala zilizo sawa. Kwa hiyo pembe ya kivuli ililingana na pembe kati ya miji hiyo miwili, ikipimwa katika kitovu cha Dunia.

Umbali kati ya miji ulikadiriwa kuwa stadia 5,000, kipimo cha Wagiriki. Akazidisha kwa 50, akapata mzingo wa stadia 250,000.