Bei ya Kitabu Kisicho na Karatasi

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa vitabu, methali hii haitoshi. Hata kilicho kizuri sharti kipewe bei kwanza, na kupanga bei kumewakosesha wengi usingizi.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, shule yetu ilikuwa na uhaba mkubwa wa vitabu. Mwalimu mmoja wa historia aliandika muhtasari wa masomo, tukauchapa kwa mashine ya kudurufu na kuwauzia wanafunzi. Bei niliipanga mimi. Nilijumlisha karatasi, stensili na wino, basi. Usiku aliokesha mwalimu yule sikuuhesabu, nikidhani nawatendea haki wazazi. Mwaka uliofuata hakuandika tena, nami sikumwuliza sababu.

Jambo hilo lilinirudia nilipofuatilia historia ya vitabu vya kielektroniki huko Marekani. Tarehe 4 Julai 1971, Michael Hart aliingiza Tangazo la Uhuru la nchi yake katika kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois, akaligawa bure. Huo ukawa mwanzo wa Project Gutenberg. Maandishi ya namna hiyo yaweza kugawiwa bure, kwa kuwa waandishi wake walikwisha fariki zamani. Kitabu kipya kina watu hai wanaokitegemea.

Novemba 2007 kampuni ya Amazon ilitoa chombo cha kusomea kiitwacho Kindle, ikauza vitabu vingi vipya vilivyovuma kwa dola 9.99. Kisha, kuanzia Juni 30, 2010, ikawawekea waandishi na wachapishaji wadogo kanuni mpya: kitabu cha dola 2.99 hadi 9.99 kiliweza kumpatia mwenyewe asilimia 70 ya bei. Chini au juu ya hapo, asilimia 35.

Hebu, msomaji, tushike chaki. Kwa bei ya dola 2.99 mchapishaji alipata kama dola 2.09, kabla ya makato madogo ya kupeleka faili. Kwa senti 99 alipata senti 35 tu, yaani ilimbidi auze nakala 6 ili kumfikia aliyeuza moja. Akipandisha bei kutoka dola 9.99 hadi 10.99, pato lilianguka kutoka dola 6.99 hadi 3.85. Aongeza dola moja, apoteza tatu! Ili kulirudisha pato lake ilimpasa kuruka hadi karibu dola 20, na nani angenunua?

Mchapishaji mdogo mara nyingi ni mtu mmoja na meza yake. Asubuhi asoma muswada, mchana asahihisha, jioni ashughulikia jalada na kupanga faili isomeke vizuri katika vyombo mbalimbali. Usiku afanya hesabu. Naye mnunuzi amwuliza: karatasi hakuna, wino hakuna, mbona watoza?

Swali hilo nalijua, kwani hata mimi nilidhani bei ya maandishi ni karatasi na wino. Mwalimu yule amekwisha tangulia mbele ya haki. Lau ningaliongeza senti 10 katika kila nakala na kumkabidhi, pengine wanafunzi wa mwaka uliofuata wangalipata sehemu ya pili ya muhtasari ule.