Jenerali wa Siku ya Mungu

Jioni moja hapa kwetu Lubumbashi, mbele courant haijakatika, vijana wawili wa jirani walikuwa wanabishana juu ya mchezo mu telefone. Wa kwanza anasema: «Miye nataka muntu wa nguvu, apige tu!» Mwenzake anamujibu: «Na nani atakuponyesha? Pointi ziko kidogo, hauwezi kuziweka kila pahali.» Nilicheka, lakini swali likabaki. Hii desturi ya kujijengea mtu mwingine na kuchagua atakuwa nani, ilitoka wapi?

Kwa upande wa michezo, historia inajulikana. Mwaka 1974, kule Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wenye karatasi na kete. Mwanadamu alichagua kuwa mpiganaji, mfanya uchawi ao kuhani, basi. Mwaka 1978, kwenye Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle wakatengeneza MUD: watu wengi ndani ya dunia moja ya kompyuta, bila picha, maneno matupu.

Kisha mambo yakawa magumu. Diablo II ya mwaka 2000 ilileta miti ya ujuzi. Ukipanda ngazi unapata pointi. Ukiiweka kwenye tawi, hairudi tena. Mtu anacheza wiki na wiki, halafu anatambua alikosea kule mwanzo. Dawa ilikuwa moja tu: kuanza upya. Ruhusa ya kurekebisha ilikuja mwaka 2010, miaka kumi nyuma! World of Warcraft ya 2004 yenyewe iliruhusu kubadili, lakini kwa kulipa: dhahabu 1 mara ya kwanza, na bei ilipanda mpaka 50. Mwaka 2009 wakakubali mtu mmoja awe na njia mbili, kwa dhahabu 1000. Vile unaona, nyuma ya picha zote kuna swali moja: kosa la kuchagua, mtu atalilipa namna gani?

Lakini tusifikiri ni kompyuta ndiyo ilituletea huu mchezo. Babu zetu walikuwa na wao.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, juu ya shaba ya Union Minière. Ndani ya kampa za kazi, kampuni ndiyo iliamua kazi yako, nyumba yako na posho yako. Hapo hakuna pointi za kugawa. Umekwisha kuchaguliwa.

Sasa siku ya Mungu inafika, na ngoma ya Mbeni inaanza. Ilizaliwa kwenye pwani ya Kenya mu miaka ya 1890, na jina lake lilitoka kwa bendi za Wazungu. Kisha vita ya 1914-1918, askari na wapagazi wakaisambaza mpaka kwenye migodi, upande wa Rhodesia ya Kaskazini na huku Katanga. Ndani ya Mbeni, mtu aliyepakia mawe juma nzima alikuwa Kingi, Gavana ao Jenerali, na nguo zake safi, na watu wa kumpigia saluti. Hawakucheza tu: walichanga franga kwa wagonjwa na kwa mazishi. Cheo kilikuwa cha mchezo, lakini jeneza lilikuwa la kweli.

Ndiyo maana wakubwa waliwaogopa. Wakati wa mgomo wa 1935 kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, serikali ilichunguza kama Mbeni ilikuwa na mkono ndani yake. Mtu akizoea kuwa Jenerali siku ya Mungu, siku ya kwanza ya kazi atainamisha kichwa namna gani?

Mtoto wa Mbeni ni Kalela. J. Clyde Mitchell aliiona kule Luanshya, ng'ambo ya mpaka wetu, na kitabu chake kilitoka mwaka 1956. Kulikuwa Kingi, kulikuwa Daktari mwenye nguo nyeupe, na kulikuwa mwanamke mmoja tu, muuguzi. Kazi yake? Kuzunguka na kioo na kitambaa ili wachezaji wajipanguse jasho, wabaki safi. Hapigi ngoma, haongozi. Lakini umuondoe, na kundi zima linachafuka.

Nikamukumbuka yule kijana wa pili: «Na nani atakuponyesha?»

Siye wenye diploma tunajua hili swali. Ulichagua pédagogie ao bio-chimie ukiwa mtoto, mara nyingi ni baba aliyechagua, na leo unaona tawi halirudi nyuma. Kuanza upya inaomba franga na miaka. Mimi sisemi kubadili ni rahisi. Nasema tu kwamba wale wa Mbeni hawakungoja kampuni iwape pointi. Walikaa pamoja, wakaangalia ni cheo gani kinakosekana ndani ya kundi, wakakijaza.

Kila mtu anataka kuwa Jenerali. Wewe, ndani ya kundi lako, nani anashika kioo?