Jiwe la kale: lione, liache lilipo

Wataalamu wa mambo ya kale wakitafuta zana za mawe mahali pa wazi hawaanzi kwa kuchimba. Hujipanga mstari, wakatembea polepole macho chini, hasa kwenye makorongo ambako mvua imefukua udongo. Isimila, karibu na Iringa, mashoka ya mawe yalionekana hivyo hivyo, juu ya ardhi.

Kwetu Unguja ushahidi umetoka Pango la Kuumbi, Jambiani. Watu walikaa humo yapata miaka 20,000 iliyopita, kisiwa kikiwa bado kimeungana na bara. Hata mifupa ya punda milia imepatikana!

Utalijuaje jiwe lililochongwa? Kipande kilichobanduliwa huwa na ukingo mkali na uvimbe mdogo pale kilipogongwa. Kimoja hakitoshi, jembe nalo huvunja mawe.

Ukikiona, tunakuomba usikiokote. Piga picha kwa simu, weka sarafu pembeni ionyeshe ukubwa, kisha mwambie sheha. Kikishatiwa mfukoni, hakuna tena wa kujua kilikuwa jirani na nini, wala kwenye udongo gani.