Upana wa mzunguko wa wachezaji katika mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani

Mzunguko wa wachezaji ni kundi la wachezaji ambao kocha huwapa dakika za maana mechi baada ya mechi. Haupaswi kuchanganywa na orodha nzima ya waliosajiliwa. Timu ya chuo kikuu cha daraja la kwanza la chama cha NCAA huwa na wachezaji 13, 15 au zaidi kidogo, lakini wanaotegemewa kucheza huwa saba hadi kumi. Waliobaki huvaa jezi, hupasha misuli moto, hurudi benchi, na huingizwa pale tu ushindi au kipigo kimeshajulikana. Makocha wengi huanza msimu mwezi Novemba wakijaribu watu kumi au kumi na mmoja, na kufikia Machi wanabaki na wanane, pengine saba.

Mechi ya wanaume ina vipindi viwili vya dakika 20. Wachezaji watano wakiwa uwanjani kwa dakika 40, kuna jumla ya dakika 200 za kugawa. Kikosi cha kwanza kikicheza wastani wa dakika 32 kila mmoja, 160 zimekwisha. Zinabaki 40, ambazo zinawatosha wachezaji wawili wa dakika 15 na mmoja wa dakika kumi. Kocha akitaka watu kumi wacheze sawasawa, kila mmoja anapata dakika 20, maana yake mchezaji wake bora anakaa benchi nusu ya mechi. Kila dakika ya mchezaji wa kumi inakatwa kwa mwenzake, na kwa kawaida anayekatwa ndiye mwenye uwezo zaidi. Kwa hiyo idadi peke yake haisemi mengi. Linalopimwa ni kama mchezaji wa nane akiwa na nguvu zake anamzidi wa pili aliyechoka, na jibu hutofautiana kati ya timu na timu.

Sheria za mchezo nazo zina mkono wake. Mchezaji wa chuo hutolewa akifikisha faulo tano, wakati katika ligi ya kulipwa ya NBA, yenye mechi ya dakika 48, hutolewa kwa faulo sita. Ni desturi iliyoenea kwa makocha kumpumzisha mchezaji aliyepata faulo mbili kabla ya mapumziko, desturi ambayo mara nyingine huigharimu timu kuliko ambavyo faulo ya tatu yenyewe ingeigharimu. Wanaoandamwa zaidi na faulo ni masenta, kwa kuwa ndio wanaozuia mitupo karibu na kikapu. Timu inaweza kuishi bila winga wa akiba kwa kuwasogeza wengine nafasi moja, lakini ikikosa senta wa pili na mtu wa pili wa kupandisha mpira, usiku mmoja wa filimbi nyingi unatosha kuivuruga.

Televisheni, kwa upande wake, husaidia timu zenye benchi fupi. Mechi za wanaume husimamishwa kwa ajili ya matangazo mara ya kwanza mpira unapokufa baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4 za kila kipindi. Kocha mjanja humtoa nyota wake saa ikiwa imebaki, tuseme, 8:50. Mpira unakufa kwenye 7:40, matangazo yanapita, nyota anarudi. Timu imemkosa kwa dakika moja na sekunde kumi za mchezo, lakini amepumzika kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Kinachoamua zaidi, hata hivyo, ni mtindo wa ulinzi. Ulinzi wa kanda, ambao kila mchezaji hulinda eneo badala ya mtu, hupunguza mbio na faulo. Ndiyo maana Jim Boeheim wa Syracuse, aliyeijenga timu yake juu ya kanda ya mbili-tatu (wawili mbele, watatu nyuma), mara nyingi aliridhika na watu saba. Kukaba uwanja mzima ni kazi ya kuchosha, na makocha wanaoutumia mtindo huo huhitaji watu wengi. Nolan Richardson aliipa Arkansas ubingwa wa mwaka 1994 kwa ukabaji usiokoma na mabadiliko ya mara kwa mara, wakiifunga Duke 76–72 katika fainali. Miaka miwili baadaye Kentucky ya Rick Pitino ilitwaa ubingwa kwa njia inayofanana, ikiwa na wachezaji tisa ambao baadaye walicheza NBA. Lakini kanuni hiyo si sheria. UCLA ya John Wooden, iliyomaliza msimu wa 1964 bila kupoteza mechi hata moja, ilikaba uwanja mzima kwa watu wachache tu. Katika fainali dhidi ya Duke, Kenny Washington alitoka benchi na kufunga pointi 26.

Mfano wa benchi fupi kuliko zote uko karibu na hapo. Katika fainali ya 1963, Loyola ya Chicago iliifunga Cincinnati 60–58 baada ya dakika tano za nyongeza, na wachezaji wale wale watano walicheza dakika zote 45. Mchezo wa siku zile ulikuwa wa taratibu, na saa ya kulazimisha timu kutupa mpira haikuwepo. Ilianza kutumika kote katika vyuo msimu wa 1985–86, ikiwa ya sekunde 45, kisha ikashuka hadi 35 na hatimaye 30. Kadiri sekunde zilivyopungua ndivyo mashambulizi yalivyoongezeka, na uchovu pia.

Upande wa pili kabisa kuna Grinnell, chuo kidogo cha daraja la tatu jimboni Iowa, ambako kocha David Arseneault alikuwa akibadilisha wachezaji watano kwa mpigo kabla hata dakika haijatimia, huku timu ikikaba kila mahali na kurusha mitupo ya pointi tatu bila kuchagua sana. Mfumo huo ulibuniwa ili kila mtu acheze. Cha kuchekesha, ndio uliozaa rekodi ya mtu mmoja: Novemba 2012 Jack Taylor alifunga pointi 138 katika mechi moja, akiwa uwanjani dakika 36.

Miezi ya Machi na Aprili 2009 ilitoa ushahidi wa pande zote mbili, na timu iliyokuwa katikati ilikuwa Connecticut, ambayo senta wake alikuwa Mtanzania Hasheem Thabeet. Katika robo fainali ya ligi ya Big East jijini New York, Connecticut na Syracuse walicheza mechi yenye vipindi sita vya nyongeza, yaani dakika 70. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo, na Boeheim akalazimika kuchota hadi mwisho wa benchi. Syracuse, ambao hawakuwahi kuongoza katika vipindi vitano vya kwanza vya nyongeza, walishinda 127–117. Jonny Flynn alicheza dakika 67. Usiku uliofuata Syracuse walishinda tena kwa dakika za nyongeza. Siku iliyofuata, kwenye fainali, waliangukia mikononi mwa Louisville ya Pitino, timu ya kukaba na kubadilisha, wakafungwa 76–66.

Connecticut nao walifika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, wakiwa wamempoteza mlinzi Jerome Dyson kwa jeraha la goti tangu Februari. Huko walikutana na Michigan State ya Tom Izzo, kocha anayependa kikosi kipana na mpira wa kukimbia. Michigan State walishinda 82–73, na pointi za wachezaji wa akiba zilikuwa 33 kwa 7. Kwa wanaotetea kikosi kipana, ni vigumu kupata mechi inayowafaa zaidi ya hiyo. Ila siku mbili baadaye upana ule ule haukuwasaidia kitu mbele ya North Carolina, waliowafunga 89–72.

Msimu wa 2014–15 John Calipari wa Kentucky alikuwa na vipaji vingi kiasi kwamba aligawa timu katika makundi mawili ya watu watano na kuyaingiza kwa zamu. Alex Poythress alipoumia goti Desemba, mpango ukavunjika, lakini watu tisa waliendelea kugawana dakika. Karl-Anthony Towns, aliyechaguliwa wa kwanza NBA mwaka huo, alicheza takriban dakika 21 kwa mechi. Devin Booker alianzia benchi. Kentucky walishinda mechi 38 mfululizo, kisha wakafungwa na Wisconsin 71–64 katika nusu fainali. Ubingwa ulikwenda kwa Duke, waliobakiwa na wachezaji wanane tu wenye ufadhili wa masomo. Katika fainali, Jahlil Okafor na Justise Winslow wakiwa na faulo nyingi na Duke wakiwa nyuma kwa pointi tisa, Grayson Allen, ambaye msimu mzima hakufikisha wastani wa dakika kumi, alifunga 16. Duke walishinda 68–63.

Ratiba nayo huvuta pande mbili. Mashindano ya kitaifa huchezwa mechi mbili kila wikendi, na siku moja ya kupumzika katikati, jambo linalowawezesha nyota kucheza dakika 37 au 38. Mashindano ya ligi, ambayo mechi zake huchezwa siku mfululizo, ni magumu zaidi kwa miguu, lakini mwaka 2011 Connecticut ya Kemba Walker ilishinda mechi tano kwa siku tano, kisha ikaendelea hadi ubingwa wa taifa.

Siku hizi kikosi kipana kina adui mpya. Mwaka 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama chuo kwa mara ya kwanza bila kukaa msimu mzima nje, mwaka 2024 kikomo hicho cha mara moja kikaondolewa, na anayekaa benchi Januari huwa ameondoka kufikia Aprili. Zamani kocha angemlea kijana wa mwaka wa kwanza kwa dakika nne kwa mechi, akitarajia kumpa 30 akiwa mwaka wa tatu. Sasa mchezaji wa tisa hupewa dakika chache za mapema katika kila kipindi hata asipohitajika sana, ili abaki, na wa kumi na wa kumi na moja hutafutwa upya kila mwaka miongoni mwa wanaohama.