Safu ya Lugha: Little Englander

Little Englander si Mwingereza mfupi wa kimo, ingawa tafsiri za haraka humfanya awe hivyo. Udogo ni wa nchi: huyu ni mtetezi wa England ndogo, asiyetaka dola yake ijitanue ng'ambo. Jina lilishika katika karne ya 19, tena kama tusi kutoka kwa mashabiki wa himaya. Goldwin Smith, mwanahistoria wa Oxford, alikwisha kutaka mwaka 1863 makoloni ya walowezi yaachiwe yajitawale.

Hoja za Little Englanders mara nyingi zilikuwa za mfuko kuliko za huruma. Mwaka 1892, kampuni ya Kiingereza iliyoshika Uganda ilipoelemewa na gharama, Waziri wa Fedha William Harcourt alipinga serikali kuubeba mzigo huo. Alishindwa, na mwaka 1894 Uganda ikawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 vilipozuka, tusi hilohilo likamwangukia mwanasiasa David Lloyd George, aliyevipinga.

Mpinga ubeberu ni mtu mwingine. Yeye hukataa utawala wa kunyonya kwa sura yoyote, hata ukija kwa mikopo na biashara. Little Englander aliweza kuipenda biashara huria na dunia nzima, mradi bendera isiifuate.

Siku hizi Waingereza humwita hivyo mzalendo mwenye mawazo finyu, anayewachukia wageni na Ulaya, pengine huku akiililia himaya ileile. Kumpachika Harcourt maana hiyo ni kosa.