Ngosi, Ngozi na Faharasa

Andika "ngozi" kwenye Google uone. Utaletewa habari za chunusi, mafuta ya kujipaka na mikoba. Ziwa la kreta lililo juu ya Milima ya Poroto, mkoani Mbeya, utalisubiri sana. Wanyakyusa huliita Ngosi, lakini ramani nyingi zimeliandika Ngozi, na kwa herufi hiyo moja ziwa zima limezama kwenye vipodozi.

Injini ya utafutaji hutambaa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, ikikusanya maneno na kuyaweka kwenye faharasa. Nalipenda sana neno hili. Tulilizoea kwenye kurasa za mwisho za vitabu, likituelekeza jambo fulani liko ukurasa wa ngapi, na kwenye intaneti linafanya kazi ileile. Kisichoingia kwenye faharasa hakitafutiki. Picha nazo ni hivyohivyo. Siku hizi mashine zimejifunza kutambua kwamba pichani pana maji na msitu, ila jina la maji hayo sharti mwenye tovuti aliandike.

Aliandike wapi? Kwenye jina la faili, kwenye maneno yaliyo chini ya picha, na kwenye yale maelezo yaliyofichwa ndani ya ukurasa, ambayo husomwa pia na programu za kuwasaidia wasioona. Hayo ya mwisho wataalamu huyaita "matini mbadala". Ni istilahi safi, lakini kijana anayetengenezea hoteli tovuti pale Iringa akiisikia hajui aandike nini. Mwambie "maelezo ya picha" ataanza kazi mara moja, na kwangu hicho ndicho kipimo cha istilahi.

Tuchukue picha iliyopigwa Kalenga na kupandishwa kwa jina la IMG_2041.jpg. Jina hilo halimwambii mtu kitu. Faili liitwe fuvu-la-mkwawa-kalenga.jpg, na maelezo yasomeke hivi: "Fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, katika makumbusho ya Kalenga, Iringa." Aya iliyo jirani nayo ieleze kwamba fuvu hilo lilirejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mwenye kuandika "Mtwa" atafika, na mwenye kuandika "chifu" atafika pia. Kurundika maneno kumi yanayofanana hakufai. Injini huona ni ulaghai, na msomaji huchoka.

Kimondo cha Mbozi nacho kina lake. Jiwe hilo la tani zipatazo 16 halijasogea, lakini tangu mwaka 2016 Mbozi iko Mkoa wa Songwe. Waliosoma zamani bado wanalitafuta Mbeya. Maelezo yaitaje mikoa yote miwili.

Kwenye video, watu huchanganya manukuu na unukuzi. Manukuu hupita sehemu ya chini ya kioo yakiifuata sauti. Unukuzi ni maneno yote ya msemaji yaliyoandikwa ukurasani. Mzee anayesimulia kwa Kihehe anahitaji vyote viwili, pamoja na tafsiri ya Kiswahili, la sivyo hadithi yake itawafikia tu waliotumiwa kiungo.

Ninyi wenye tovuti za utalii wa Nyanda za Juu Kusini, pitieni picha zenu upya. Penye Ngosi andikeni na Ngozi, na neno "ziwa" lisikose.